Noti nzuri, pesa halali, na bado zinakataliwa: kutoka soko la Chengdu hadi mtaa wa Xiaobei



Wiki zilizopita tulipitisha hewani sauti ya mama mmoja wa Butembo ambaye huenda Guangzhou, China, kununua viatu na nguo za watoto. Alisimulia namna alivyoshinda na njaa karibu siku nzima akiwa na pesa mfukoni. Zilikuwa noti safi za yuan, alizibadilisha uwanja wa ndege, hazijachanika wala hazina alama. Lakini kila kibanda cha chakula alipotoa noti, muuzaji alitikisa kichwa na kumwonyesha kikaratasi chenye vimraba vyeusi na vyeupe, kimebandikwa ukutani. Lipa hapo. Hana cha kulipia hapo, basi aende.

Matangazo yalipokwisha, baba mmoja akapiga simu. Ni mhamiaji wa vita, anakaa kwa familia iliyompokea pamoja na watoto wake. Akauliza: «Mwandishi, hiyo ni inchi gani ambapo serikali inachapa pesa na wakaaji wanaikataa? Si ndiyo yale yale ya Mobutu na zile milioni tano?»

Nilimjibu kwa haraka kwamba hapana, si sawa. Dakika zikaisha, wimbo ukapigwa. Lakini swali lilibaki nami, kwa sababu baba yule aliuliza jambo zito kuliko nilivyolijibu. Kuwa na makuta mkononi na kuambiwa makuta yako hayapokelewi, watu wa Kivu tunalijua hilo kwa njia zetu. Nimesoma, nimeuliza, na leo naandika kwa kirefu.

Tuanze mbali kidogo, kwa maana inchi hii ambayo leo inakataa noti ya karatasi ndiyo hiyo hiyo iliyoifundisha dunia kutumia noti ya karatasi.

Miaka elfu moja iliyopita, katika jimbo la Sichuan, wafanyabiashara walilipana kwa sarafu za chuma. Si shaba wala fedha, chuma kabisa. Bei kidogo tu ya kitambaa ilihitaji mzigo wa kubeba mgongoni. Wenye maduka katika mji wa Chengdu wakaanza kupokea chuma cha watu, wakakiweka ghalani, na kumpa mwenyewe karatasi ya kuthibitisha. Karatasi hiyo ikaanza kutembea mkono kwa mkono bila mtu kurudi kudai chuma. Iliitwa jiaozi. Baadhi ya wenye maduka walipotumia vibaya mali waliyowekewa na kushindwa kulipa, serikali ya utawala wa Song ikachukua kazi hiyo yenyewe, na mwaka wa 1024 ikatoa noti zake za kwanza.

Angalieni mwanzo wake. Hakuna mfalme aliyeota usiku kwamba karatasi ni pesa. Ni watu wa soko waliochoka kubeba uzito, na kila aliyepokea karatasi aliamini kwamba mwenzake wa kesho ataipokea pia. Huko ndiko pesa inakokaa, katika imani ya yule anayepokea.

Baadaye Wamongolia walipotawala China, noti ikawa amri. Marco Polo wa Venezia aliyefika huko katika karne ya 13 alieleza kwamba karatasi ya Kubilai Khan ilitengenezwa kwa ganda la mti wa mforosadi, na hakuna aliyethubutu kuikataa kwa kuogopa kuuawa. Wafanyabiashara wageni walioingia na dhahabu na fedha waliziacha kwa mfalme wakapewa karatasi.

Na huyu mwingine ni mgeni tunayemjua vizuri zaidi katika upande wetu wa dunia: Ibn Battuta, mtu wa Tangier, Moroko. Mwaka wa 1331 alipita Mombasa na Kilwa, akaandika juu ya watu wa pwani. Miaka zaidi ya kumi baadaye akasimulia habari za China, na humo anaeleza kwamba mtu akiingia sokoni na dirhamu za fedha au dinari za dhahabu hakuna anayezichukua, hakuna hata anayemtazama, mpaka akazibadilishe kwa karatasi ya huko. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Huyo ni mama yetu wa Butembo, karibu miaka mia saba kabla. Mgeni mwenye mali halisi mfukoni anasimama mbele ya muuzaji kama mtu asiye na kitu.

Karatasi ile ya wafalme haikudumu. Serikali zilichapa kuliko mali iliyokuwapo, bei zikapanda, na utawala wa Ming uliofuata nao ukashindwa kuilinda thamani ya noti zake. Kufikia karne ya 15 watu wa China walikuwa wamerudi kwenye fedha na shaba. Hapo ndipo habari inapokutana na ile ya baba aliyepiga simu.

Kwa vijana wasioishi wakati huo, nikumbushe. Zaire kama jina la pesa ilianza 1967, na zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Ndani yake mlikuwa na makuta mia moja, na ndiyo sababu hadi leo tunasema «sina makuta» hata kama hatujawahi kuona likuta kwa macho. Mwishoni mwa 1979 Mobutu alifuta noti za zaire 5 na 10 kwa ghafla. Waliokuwa wameweka noti zao nyumbani, hasa watu wa vijijini mbali na benki, walibaki na karatasi za kuwashia moto. Kisha ikaja miaka ya 1990. Bei zilipanda hivi kwamba serikali ikachapa noti ya zaire milioni tano. Januari 1993 askari wa Kinshasa walilipwa kwa noti hiyo, wakaenda sokoni, wauzaji wakaikataa, na askari wakageuka kupora mji. Watu wengi walikufa, pamoja na balozi wa Ufaransa. Wakasai kwa upande wao walikataa katakata, hata zaire mpya ilipotolewa mwaka huo wakaendelea na zaire za zamani. Mwaka wa 1998 ikaja franka ya Kongo.

Kwa hiyo baba, jibu langu la kwanza ni hili. Milioni tano ilikataliwa kwa sababu ilikuwa imeoza. Muuzaji alijua kwamba kesho haitanunua hata kibiriti. Noti ya China haijaoza. Muuzaji wa Guangzhou anajua vizuri kwamba ni pesa nzuri, na sheria ya inchi yake inamkataza kuikataa: mwaka wa 2018 benki kuu ya China ilitoa tangazo rasmi juu ya jambo hilo. Anaikataa kwa sababu hana chenji, hana sanduku la pesa, na boksi lake la kuweka noti alilitupa zamani. Ilifikaje hapo?

Ilianza na kutoaminiana. Mwaka wa 2003 kampuni ya Alibaba ilifungua soko la intaneti lililoitwa Taobao. Mnunuzi alikuwa mji mmoja, muuzaji mji mwingine, hawajawahi kuonana. Mnunuzi anasema, tuma kwanza mali. Muuzaji anasema, tuma kwanza pesa. Hakuna anayetuma. Alipay ilitengenezwa kuwa mtu wa kati: mnunuzi anaiwekea pesa, muuzaji anatuma mali, na mnunuzi akithibitisha kwamba imefika ndipo pesa inaachiliwa. Mwaka wa 2004 ikawa shughuli inayojitegemea. Kama mnakumbuka maduka ya Chengdu na chuma chao, ni kazi ile ile.

Kisha simu zenye skrini kubwa zikasambaa. Kampuni nyingine, Tencent, ilitoa WeChat mwaka wa 2011, programu ya kuandikiana kama WhatsApp yetu, na mwaka wa 2013 ikaingiza malipo ndani yake. Lakini namna ya kuwafanya watu mamilioni wafunge akaunti zao za benki kwenye programu ya maongezi? Walitumia desturi. Wachina katika sikukuu ya mwaka mpya huwapa watoto na ndugu bahasha nyekundu yenye pesa. Mwanzoni mwa 2014 WeChat ikaruhusu kutuma bahasha hiyo kwa simu. Bibi akitumiwa bahasha na mjukuu, ni lazima afungue malipo ili aitoe. Kazi iliyoshinda matangazo ya redio na televisheni ilifanywa na zawadi za familia katika siku chache za sikukuu. Mimi kama mtu wa redio nalikubali hilo kwa shingo upande.

Na vile vimraba vyeusi na vyeupe havikutoka China. Vilibuniwa Japani mwaka wa 1994 katika kampuni ya Denso Wave, ili wafanyakazi wa kiwanda cha magari wafuatilie vipuri kwa haraka. Kampuni hiyo iliacha dunia nzima ivitumie bila kudai malipo. Ubora wake ni huu: muuzaji hahitaji mashine. Kadi za Visa zinahitaji kifaa, laini, umeme, na mkataba na benki. Kode ya QR ni karatasi tu. Mama wa mboga anaichapisha, anaitundika, na mnunuzi ndiye mwenye simu ya kuisoma. Kwa sababu hiyo China iliruka kutoka noti hadi simu, na kadi zikabaki pembeni, hasa kwenye maduka madogo ambako mgeni ndiko anakokula.

Mama wa Butembo aliyaona mabadiliko hayo kwa macho yake bila kuyajua. Safari yake ya kwanza ilikuwa 2014. Alikwenda na dola amezishona ndani ya kitambaa kilichofungwa tumboni, akabadilisha kidogo kidogo, na noti zilipokelewa kila mahali, hata zikahesabiwa kwa mashine mbele yake kwa heshima. Alikaa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou ambao Waafrika wote wanaoenda huko wanaujua, ambako utasikia Kilingala kwenye ngazi moja na Kiswahili cha Dar es Salaam kwenye ngazi ya pili. Miaka minne baadaye alirudi. Noti zilipokelewa bado, lakini muuzaji alikuwa akikimbia duka la jirani kutafuta chenji. Alifikiri ni uvivu.

Wakati huo mgeni wa muda mfupi hakuwa na njia ya kuingia. Programu zote mbili zilidai akaunti ya benki ya China, na akaunti haipewi mtu wa viza ya siku 30. Hali hii haikuwa mpya kwa wageni. Kuanzia 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990, China ilikuwa na noti za pekee kwa ajili ya wageni, zilizotolewa na Bank of China. Mgeni alibadilisha dola akapewa hizo, si pesa za watu wa kawaida, na kuna maduka yaliyopokea hizo tu. Kwa hiyo pesa mbili, milango miwili. Noti za wageni zilifutwa, lakini miaka ishirini baadaye mlango ukajitenga tena, safari hii kwa namba ya akaunti. Novemba 2019 Alipay ilifungua dirisha dogo kwa wageni, la kuweka pesa za kutumia siku 90 kupitia benki ya Shanghai. Miezi miwili tu baadaye corona ikafunga kila kitu.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu walio kambini watanielewa kuliko wengine. Aprili 2020, Waafrika wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli zao kwa hofu ya ugonjwa, wengi wakalala njiani na mizigo yao. Picha zilizunguka bara letu lote na serikali za Afrika zikalalamika. Wakati huo huo serikali za miji zilianza kudai kila mtu aonyeshe kwenye simu alama ya rangi ya afya, na alama hiyo ilikaa ndani ya programu zile zile za malipo. Simu ikawa pasipoti ya kuingilia dukani, sokoni, kwenye basi. Kwa miaka mitatu Wachina waliishi hivyo. Wazee wasio na simu waliteseka pia. Serikali yenyewe mwishoni mwa 2020 ilitoa mpango wa kuwasaidia. Wachina walipofungua mipaka Januari 2023, wageni walirudi na kukuta noti imetoweka mikononi mwa watu.

Serikali iliona hasara, watalii na wanunuzi walilalamika. Mwezi wa 7 mwaka 2023 Alipay na WeChat zikakubali kadi za nje, Visa na Mastercard, zifungwe moja kwa moja. Machi 2024 kiwango cha juu cha malipo moja kikapandishwa kutoka dola 1,000 hadi 5,000, na cha mwaka mzima kutoka dola 10,000 hadi 50,000. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayakatwi kitu. Juu ya hapo mgeni anakatwa asilimia 3. Benki zikaanza kuandaa vifurushi vya noti ndogo kwa madereva wa teksi ili wawe na chenji. Kwenye magazeti ilionekana kwamba tatizo limekwisha.

Mama yetu alifika mwaka huo huo wa 2024. Kadi alikuwa nayo, ya benki moja ya huku. Njaa ilipombana alirudi hoteli, akaomba kijana wa mapokezi amsaidie kupakua programu. Ikauliza namba ya simu, akatoa ya Kongo. Ikatuma namba za siri kwa ujumbe. Ujumbe haukufika, kwa sababu laini yake ya nyumbani aliitoa uwanja wa ndege ili kuweka ya China. Akairudisha, haikushika mtandao. Akajaribu kwa namba ya China, ikakubali, akafika kwenye kadi. Benki yake nayo ikatuma namba zake za siri kwa laini ya Kongo. Mduara. Akataka kumwita mtoto wake kwa WhatsApp amuulize afanyeje, na WhatsApp China haifunguki, imezuiwa tangu 2017. «Nilijiona kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba, ufunguo uko ndani,» ndivyo alivyoniambia.

Aliyemwokoa ni mwanafunzi Mkongomani aliyekutana naye kwenye ngazi. Kijana alilipa chakula kwa simu yake, mama akampa noti. Kwa siku tisa ilikuwa hivyo: yaya anachagua, mdogo analipa kwa kode, yaya anahesabu karatasi. Mara ya kwanza kijana hakuchukua kitu juu yake. Kwa mzigo mkubwa alichukua komisheni, na mama anasema ilikuwa ya haki. Kila Mkongomani anayenunua mali kule ana mtu wa namna hiyo, na wengine wameibiwa nao pia. Duka la Chengdu limerudi tena, safari hii ni kijana mwenye begi la shule.

Safari iliyofuata binti yake alimtayarishia kila kitu Butembo kabla ya kuondoka, laini ya nyumbani ikiwa ndani ya simu. Hata hivyo kuna mawili yaliyomkwamisha, nayaandika kwa sababu wengi watayakuta. La kwanza ni majina. Sisi tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo. Pasipoti inayo yote matatu, kadi yake ilikuwa na mawili. Programu ilikataa kuthibitisha mara mbili kabla ya kukubali. La pili ni kwamba kadi ya kigeni inalipa duka lililoandikishwa, haitumi pesa kwa mtu binafsi. Wauzaji wengi wa jumla wana kode yao ya binafsi ukutani. Ukiisoma, programu inakataa. Kwa hiyo chakula, teksi na treni analipa mwenyewe, kwa viatu bado anamhitaji kijana.

Wasikilizaji wengine wameuliza kwa nini asitumie pesa zake za simu za huku. Swali zuri. Kenya ilianza M-Pesa Machi 2007, na kwetu Kongo ilifika 2012, miaka ileile ambapo China ilikuwa inaingia kwenye kode. Lakini ni miti miwili tofauti. Yetu haikuhitaji intaneti wala akaunti ya benki. Simu ya kitochi inatosha, unabonyeza nyota na namba. Ya China ilisimama juu ya benki na simu kubwa. Na tofauti kubwa kuliko zote ni kabini. Pesa zetu za simu zinaingia kwa noti na kutoka kwa noti, kwa mkono wa kijana aliyekaa chini ya mwavuli. Kule hakuna mwavuli. Pesa inaingia kwenye simu siku ya mshahara na inatoka kwa muuzaji, bila kugeuka karatasi. Mwaka wa 2023 Alipay iliruhusu wageni kadhaa walipe kwa programu za kwao: za Hong Kong, Korea, Malaysia, Ufilipino, Thailand. Zote za Asia.

Tofauti hiyo ya kabini tuliijua kwa uchungu mwishoni mwa Januari 2025. Benki za Goma zilifunga milango. Wenye akaunti walivuka mpaka hadi Gisenyi kutafuta kutoa pesa zao. Wenye pesa kwenye simu walizunguka kabini moja hadi nyingine, na kijana wa kabini anasema namba ninaziona, baba, lakini noti sina. Walio na noti walipandisha komisheni. Sasa fikirieni pamoja nami: mama wa Butembo alikuwa Guangzhou na karatasi asiyepata wa kuipokea, na mama wa Goma alikuwa na namba kwenye simu asiyepata karatasi. Nilimweleza hivyo baba aliyepiga simu. Akasema yeye aliyapata yote mawili. Alipokimbia Masisi alikuwa na franka kidogo ndani ya simu, akajipongeza kwa sababu njiani waliokuwa na noti walipekuliwa na kunyang'anywa. Lakini simu nayo ikachukuliwa. Ili apate laini ile ile tena alitakiwa kuonyesha kadi ya uchaguzi, na kadi iliungua ndani ya nyumba. Kambi zilipovunjwa Februari 2025 alihama tena, kabla hajapata karatasi ya komini ya kuthibitisha kwamba vitambulisho vyake vimepotea. Pesa zile, anavyojua yeye, bado ziko kwenye namba yake.

Nilimuuliza ni kiasi gani. Hakutaka kusema hewani.

Nimeulizwa pia kama Ulaya ni hivyo hivyo, kwa kuwa wengi wenu mna ndugu waliopelekwa huko. Inategemea inchi. Uswidi inafanana na China kuliko nyingine. Huko pia noti za kwanza za Ulaya zilitolewa mwaka wa 1661 kwa sababu pesa zao zilikuwa mabamba mazito ya shaba, na huko leo maduka mengi yana kibandiko kinachosema hatupokei pesa taslimu. Programu yao, Swish, ilianza 2012, na inahitaji akaunti ya benki ya huko na namba ya utambulisho ya mkaaji. Lakini kadi ya Visa inapokelewa karibu kila mahali, kwa hiyo mgeni halali njaa. Ndugu mkimbizi aliyefika karibuni na hajapewa namba ndiye anayesubiri.

Kwa wanaosafiri kwenda China mwaka huu, mama wa Butembo amenipa ruhusa ya kuandika anavyojitayarisha. Programu anaipakua na kuijaribu nyumbani, si uwanja wa ndege. Kabla ya kuondoka anauliza benki kama kadi yake inafanya kazi nje na kama ujumbe wa namba za siri utamfikia huko. Ana simu mbili sasa: kubwa ya laini ya China, na ya kitochi yenye laini ya Kongo ambayo haizimi hata usiku. Betri ya akiba haikosi, maana simu ikizima kule umefilisika hadi upate umeme. Na anabeba yuan 300 za noti ndogo ndogo, za kumi na za ishirini, ili muuzaji asiwe na sababu ya chenji. Za mia hazibebi tena.

Anaondoka kupitia Kasindi na Entebbe, akijaliwa, barabara ikiwa wazi.